Kuku wa Kisasa Anasingiziwa

Kila Jumapili, kuanzia Sinza hadi Buruburu, kesi ileile husikilizwa mezani. Mshtakiwa yumo kwenye sahani, amepakwa bizari, amezungukwa na kachumbari. Shahidi wa kwanza hutafuna kidari kwa muda mrefu, hukisukuma kwa soda, kisha hutoa ushahidi: "Hawa kuku wa kisasa ni pamba tupu." Wengine huitikia. Mjomba huongeza kwamba zamani kuku alikuwa kuku. Matunda hayajaletwa, hukumu imeshatoka: kuku wa kisasa ni mkavu, hana ladha, na anayetaka kula kuku wa kweli atafute wa kienyeji. Mpishi hupewa pole kwa kitoweo kibovu alicholetewa.

Hakuna anayeuliza huyo kuku alikaa motoni muda gani.

Mpishi akiulizwa atajibu bila kusita, maana jibu lenyewe ni kanuni anayojivunia. Kuku alichemshwa kwanza kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka "akaiva vizuri": nusu saa, pengine dakika 45. Akatolewa, akakaangwa kwenye mafuta ya kuzama mpaka akawa wa kahawia. Kwa kuwa wageni walichelewa, akarudishwa kwenye rosti, akapikwa tena ili viungo vimwingie. Ndege aliyeishi wiki sita amepita motoni mara tatu. Akikauka, lawama anabebeshwa yeye.

Kanuni hiyo ya kuchemsha sana haikutungwa na wajinga. Ilitungwa na watu waliokuwa na kuku mwingine kabisa. Jogoo wa kienyeji huchinjwa akiwa na miezi sita au zaidi, na mtetea aliyechoka kutaga huweza kuwa na miaka miwili, mitatu. Amekimbizana, amepigana, amepanda mitini, amejitafutia chakula kwenye majivu na mabua. Nyama yake imefungwa kwa kolajeni iliyokomaa, ule utando mgumu unaoshikanisha nyuzi za misuli. Kolajeni ya namna hiyo haina haraka. Inataka joto la zaidi ya nyuzi 70 na muda wa kutosha ndipo iyeyuke iwe jelatini, ule utelezi unaofanya supu ya kienyeji igande ikilala usiku. Bibi aliyemtokosa jogoo wake saa moja na nusu alijua anachofanya, na angemtoa mapema wajukuu wangevunja meno.

Kosa limetokea pale urithi wa bibi ulipohamishiwa kwa mnyama ambaye bibi hakumjua. Kuku wa nyama anayeuzwa leo mijini huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Ukubwa wake unadanganya macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwahi kulea pamoja kuku wa mbegu ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005, wote kwa chakula cha aina moja. Walipofikisha siku 56, yule wa 1957 alikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Kwa maneno mengine, aliyelala kwenye sufuria ya Jumapili ni kifaranga mwenye mwili wa jogoo. Kolajeni yake ni changa na huachia upesi. Hana ugumu wa kuvunjwa kwa saa nzima ya moto, na moto ukikosa ugumu wa kuvunja, huanza kukamua maji.

Maji ndiyo habari yote. Kidari kibichi cha kuku ni maji kwa takriban asilimia 75, yaliyonaswa katikati ya nyuzi za protini. Joto likipita nyuzi 50 hivi, protini za kwanza hujikunja na nyama huanza kuwa nyeupe na kushikana. Likikaribia 70 na kuendelea, kundi jingine la protini hukazana, na nyuzi zote hujibana kama nguo mikononi mwa dobi. Kinachotoka ni yale maji. Kidari kilichofika nyuzi 80 na zaidi huweza kupoteza robo ya uzito wake au hata kupita hapo. Maji yanayochemka Dar es Salaam yana nyuzi 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huchemsha kwa nyuzi 94 hivi; mkazi wa huko amepewa punguzo la nyuzi sita na bado anaharibu kidari chake vizuri tu.

Hapa ndipo mtetezi wa kuchemsha hutoa hoja anayoiona haina jibu: kitu kilichozama kwenye maji kitakaukaje? Kitakauka. Nyama haifanyi kazi kama sifongo inayokaa kwenye ndoo. Nyuzi zikishajibana, supu iliyo nje haina njia ya kurudi ndani, hata sufuria ikijaa mpaka juu. Mtu anaweza kula kidari kinachodondosha mchuzi huku kila uzi wake umekauka kwa ndani, na walaji wengi wa rosti wanaijua hali hiyo, ila wameizoea mno hata hawaipi jina.

Na kuna dhuluma ya pili ndani ya ile ya kwanza. Supu ya kumchemsha huyo kuku haimwagwi. Hunywewa asubuhi na ndimu na pilipili, na husifiwa kweli kweli. Ladha ya kuku, chumvi yake, jelatini kidogo aliyokuwa nayo, vyote vimepita kwenye vikombe. Mchana mabaki yake yanaletwa mezani na kushtakiwa kwa kukosa ladha.

Ushahidi kwamba ndege huyu ana uwezo wa kuwa laini na mwenye majimaji haujafichwa maabara. KFC ilifungua mgahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka 2011, na watu wakapanga foleni. Wanafuata nini? Kuku wa kisasa. Ndege yuleyule wa wiki chache ambaye nyumbani anaitwa pamba. Tofauti ni kwamba jikoni kule hakuna anayemchemsha kwanza. Vipande vibichi huingia kwenye mafuta ndani ya chombo kinachofungwa kwa mgandamizo, na hutolewa vikishaiva. Wapishi wa majimbo ya kusini mwa Marekani walikuwa wakikaanga kuku mbichi kwenye vikaango vya kawaida zamani sana kabla ya mashine hizo, mara nyingi baada ya kumlaza kwenye maziwa ya mgando. Singapore imejijengea sifa kwa kuku wa Hainan, ambaye huivishwa kwenye maji, lakini maji yaliyonyamazishwa, yasiyotoa povu. Walaji hawa wote hawana kuku wa peponi.

Wauza chipsi wa mitaani wana sababu yao ya kuchemsha kwanza, na ni sababu ya biashara: mteja amesimama, njaa inamsumbua, na kuku aliyekwisha kuiva huhitaji dakika chache tu kwenye karai. Tena bila friji, nyama iliyochemshwa huvumilia joto la mchana kuliko mbichi. Hiyo ni hesabu ya kibanda. Imeingiaje nyumbani, ambako mteja ni mmoja na anaweza kusubiri robo saa?

Imeingia kwa mlango wa hofu. Ukimwambia mama mwenye nyumba apunguze moto, atataja homa ya matumbo, atataja kuhara, atataja mtoto wa jirani. Hofu hiyo isichekwe: kuku mbichi huweza kubeba salmonela na kampilobakta, na watoto na wazee huumia zaidi. Lakini bakteria hao wana bei yao, na bei hiyo inajulikana. Shirika la Afya Duniani huelekeza chakula kifikie nyuzi 70 katikati yake. Mamlaka za chakula za Uingereza husema nyuzi 70 zidumu kwa dakika mbili. Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo zamani iliwaambia watu wafikishe kidari nyuzi 77 na kuku mzima nyuzi 82, mwaka 2006 ilishusha vyote hadi nyuzi 74. Huko nyuzi 74 salmonela hufa papo hapo. Hata kwenye nyuzi 66 hufa, ila huhitaji dakika chache za kukaa kwenye joto hilo. Kuku aliyechemka kwa fujo dakika 45 hakuongezewa usalama wowote tangu zilipopita dakika ishirini na kitu; bakteria hawafi mara mbili.

Wanaoogopa sana hutafuta damu. Wakivunja paja na kukuta wekundu kando ya mfupa, sufuria hurudishwa jikoni kwa kishindo. Dalili hiyo huwadanganya. Mifupa ya kuku mchanga haijakomaa, ina vinyweleo, na uboho wake hupenya na kutia rangi nyama iliyo jirani, hasa kuku akiwa ameshagandishwa kwenye barafu. Anaweza kupita nyuzi 80 na wekundu ukabaki palepale. Kwa upande wa pili, nyama inaweza kuonekana nyeupe kabla haijafika joto salama. Rangi ni shahidi asiyeaminika kwa pande zote mbili, na kipimajoto kidogo cha kuchoma kwenye nyama, kinachouzwa kwa bei isiyofika ya kuku wawili wa kienyeji, hakina mjomba wala urithi.

Wakati huohuo hatari yenyewe inapita mbele ya macho. Kuku huoshwa chini ya bomba, maji yanaruka kwenye vyombo vilivyokauka, kwenye taulo, kwenye bakuli la nyanya. Mwaka 2014 Uingereza ilifanya kampeni nzima kuwasihi watu waache kuosha kuku mbichi kwa sababu hiyohiyo. Halafu kisu kilichomkatakata hufutwa kwa kitambaa na kukata vitunguu vya kachumbari, juu ya ubao uleule. Kachumbari haipikwi. Kuku anakwenda kulipia saa nzima motoni dhambi iliyofanywa na kisu. Kwa wale ambao kuosha kuku ni sehemu ya usafi wasioweza kuiacha, na ni wengi, angalau iwe kwenye beseni, polepole, mbali na vyombo, na ubao wa kuku usiguse mboga.

Sifa nyingine isiyostahili ni ile ya kuku wa kuchinjwa papo hapo. Nenda Shekilango au Kisutu, Dar es Salaam, uone fahari ya mteja anayemchagua ndege akiwa hai, akachinjiwa, akanyonyolewa, akaondoka naye angali wa moto. Kabla ya saa kupita yumo sufuriani. Mteja anaamini amepata kilicho bora, na kwa upande wa kujua kuku alikuwa mzima yuko sahihi. Kwa upande wa ulaini amejichongea. Baada ya kuchinjwa, misuli ya mnyama hukakamaa kwa muda kabla ya kulegea tena. Nyama ikipikwa katika muda huo hukaa na ugumu wake. Ndiyo maana viwanda vingi vya kuku huacha mzoga upoe kwa muda wa saa nne hadi sita kabla ya kukitenga kidari na mfupa. Kuku wa Jumapili anunuliwe Jumamosi, alale kwenye friji. Asiye na friji amnunue alfajiri, amhifadhi mahali pa baridi kadiri awezavyo, au akubali kwamba ugumu ule hautokani na mbegu.

Haki itendeke pia kwa upande wa mashtaka. Kuku wa kienyeji ana ladha nzito zaidi, na hakuna moto mdogo utakaompa kuku wa kisasa miezi sita ya kuparura ardhi. Kuna pia kasoro halisi ya kuzaliwa: kuku waliokuzwa haraka wakawa wakubwa mno huweza kuwa na kidari kigumu kama ubao, chenye mistari myeupe, ambacho mpishi bingwa hawezi kukiokoa. Na mnunuzi awe macho na kuku wa mayai waliostaafu, wanaouzwa wakiwa hai kwa bei nzuri. Hao ni wazee, na kanuni ya bibi ni yao kihalali. Wachemshwe.

Lakini dawa ambazo watu hutumia kwa kuku wao mkavu nyingi ni za kumzidishia ugonjwa. Limau ndiyo maarufu kuliko zote. Tindikali yake hufanya kazi juu juu, na nyama ikilazwa humo usiku kucha sehemu ya nje hugeuka ungaunga, kama iliyokwisha kuiva vibaya. Maji ya papai bichi yana kimeng'enya kinachokata protini kweli, lakini hakiingii ndani. Kikizidi, nje ni uji na ndani ni kulekule. Wengine hubandika kuku kwenye mafuta yanayotoa moshi, wakiamini wanaziba vinyweleo ili maji yasitoke. Imani hiyo ilienezwa na mwanakemia wa Ujerumani, Justus von Liebig, mwaka 1847, na imekuwa ikikanushwa tangu majaribio ya miaka ya 1930. Ganda la kahawia halizibi kitu. Ni tamu, na hiyo inatosha kulitafuta, ila sauti ya chwaaa kwenye karai ni ya maji yanayoendelea kutoka.

Chumvi ndiyo inayofanya kazi, na ndiyo inayochelewa kutiwa. Vijiko viwili vya chai vya chumvi laini kwa kuku wa kilo moja na robo, apakwe usiku wa kuamkia siku ya kupikwa. Chumvi hiyo hupenya taratibu, hulegeza baadhi ya protini, na nyama inayopikwa baadaye hushika maji yake vizuri zaidi. Mtindi ukiongezwa hauna ukali wa limau, na wapishi wa biriani wamekuwa wakiutumia siku zote bila kuhitaji kuelezwa na mtu wa maabara.

Pwani kwa jumla ina mengi ya kuwafundisha wanaolalamika. Kuku wa kupaka hubanikwa kwanza kwenye makaa, apate rangi na moshi, kisha humaliziwa kwenye tui. Tui la pili, lile jepesi, hutangulia. Tui la kwanza huingia mwishoni. Kila mpishi wa Mombasa na Unguja anajua kwamba tui zito halichemshwi kwa fujo, kwa sababu hukatika, likabaki maji na mafuta yaliyogawanyika. Kwa hiyo makaa hupunguzwa, mwiko hauachwi, na sufuria hubaki ikitetemeka tu kingoni. Mpishi anadhani analinda tui. Analinda na kuku. Mapishi yanayosifiwa kwa nazi yanadaiwa sehemu ya sifa hiyo na moto mdogo ambao nazi ililazimisha, na siku mpishi huyohuyo anapopika rosti ya nyanya, isiyokatika, hukoleza makaa na kuku hukauka.

Jambo la mwisho ni la kisu. Kuku mmoja si nyama moja. Paja limefanya kazi ya kutembea, lina kolajeni na mafuta zaidi, na huwa zuri zaidi likipita nyuzi 80. Kidari hakina vitu hivyo, na baada ya 74 kila dakika ni hasara. Kuvitumbukiza pamoja na kuvitoa pamoja ni sawa na kupika maharage na mchicha kwa muda mmoja. Ajabu ni kwamba hakuna mpishi anayefanya hivyo kwa mchicha.

Anayetaka kujaribu Jumapili ijayo hahitaji sufuria mpya. Mgongo, shingo, miguu na ncha za mabawa vitengwe. Hivyo ndivyo vyenye kolajeni ya supu, na vinaweza kutokota saa mbili nzima bila mtu kuhuzunika. Vianze saa tatu asubuhi. Mapaja, yaliyolala na chumvi yake, yaingie kwenye mchuzi wa moto mdogo saa sita na nusu. Kidari kikae kwenye friji mpaka wageni wapige hodi, kwa maana robo saa itawatosha wote wawili: wao kunawa na kuulizana hali, na chenyewe kuiva.